Watani wa kitabu: jioni moja na wachekeshaji weusi wa London, na riwaya iliyowekwa mezani

Msomaji wa Usiku (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Uzi huu ni mrefu, kwa hiyo mwenye chai aiweke karibu. Mwezi uliopita nilikuwa London kikazi, na binamu yangu anayeishi upande wa kusini wa mji ule akanichukua Jumapili jioni kwenda kuangalia vichekesho. Nilidhani tunakwenda kumsikiliza mtu mmoja mwenye kipaza sauti akimsimanga mkewe. Tulipanda ngazi nyembamba juu ya baa, tukaingia kwenye chumba chenye viti visivyofika mia, na jukwaani nikakuta viti vinne, meza ndogo, na juu ya meza kengele ya kubonyeza kwa kiganja kama zile za mapokezi ya gesti. Wachekeshaji wanne wakatoka, wanawake wawili na wanaume wawili, wote weusi, na kila mmoja alishika kitabu kilekile kilichokunjwakunjwa pembe za kurasa.

Kitabu chenyewe kilikuwa The Lonely Londoners cha Samuel Selvon, mzaliwa wa Trinidad aliyehamia Uingereza mwaka 1950. Kilichapishwa mwaka 1956, nacho kinasimulia maisha ya vijana wa Karibi waliokwenda London kutafuta kazi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mmoja wao, Moses, amekwishakaa miaka na amechoka. Kila treni ya wageni inapofika kituo cha Waterloo, yeye ndiye anayeombwa aende kuwapokea. Katika kurasa za mwanzo anampokea kijana anayeshuka kwenye baridi ya London akiwa na suti nyepesi ya nchi za joto, hana koti, hana sanduku, na bado anasisitiza kwamba hasikii baridi hata kidogo. Papo hapo Moses anambandika jina la Sir Galahad.

Kanuni ya onyesho ilikuwa moja tu. Mshiriki akisema jambo ambalo halimo kitabuni, yeyote kati ya wenzake anapiga kengele na kutaja ukurasa unaomsuta, na aliyesutwa ananyamaza mpaka zamu yake irudi. Msidhani ni jambo dogo. Nimekaa kwenye makongamano ya fasihi ambako kengele ya namna hiyo ingelia tangu saa tatu asubuhi hadi muda wa chakula cha mchana.

Walikaa karibu dakika ishirini kwenye tukio moja. Ni majira ya baridi, Galahad hana kazi na ana njaa, naye anapita bustanini akiwatazama njiwa walionona kwa makombo wanayotupiwa na watu. Anamkamata mmoja. Bibi aliyekuwa akitembeza mbwa wake anamwona na kupiga kelele za ukatili, na Galahad anatimua mbio na kitoweo chake. Mchekeshaji wa kwanza aliuigiza mwendo wa mtu anayejaribu kutembea kistaarabu huku ana njiwa ndani ya koti. Wa pili akawa yule bibi. Wa tatu, mwanamke mwenye sauti nzito, akauliza swali ambalo bado linanizunguka kichwani: yule bibi alimhurumia njiwa papo hapo, je, angechukua muda gani kumhurumia mwanadamu mwenye njaa aliyesimama mbele yake? Ukumbi ulikuwa unacheka, na kicheko hakikukatika ghafla. Kilipungua taratibu kama moto wa kuni uliokosa wa kuuchochea.

Hapo mzee mmoja wa safu ya mbele, aliyevaa kofia ya pama, akainua mkono na kusema kwamba kitabuni kuna mwingine, Cap, aliyekuwa akiwakamata shakwe juu ya paa la nyumba aliyopanga, na mbona wamemsahau? Kengele ikapigwa kwa heshima yake.

Hoja yangu kwenu ni hii: sijaona kitabu kikisomwa kwa ukaribu namna ile, na waliokuwa wakikisoma walikuwa wakikifanyia mzaha. Nyinyi mnaonaje?

Kalamu Kavu

Ndugu mleta uzi, umeandika vizuri, lakini niruhusu nitie maji kidogo kwenye chai yako. Uingereza ina historia yake ya kucheka na watu weusi. Kuanzia mwaka 1958 hadi 1978, BBC ilirusha The Black and White Minstrel Show, kipindi ambacho wanaume wazungu walijipaka masizi usoni, wakaimba na kucheza kama vikaragosi vya watu weusi, na familia nzima zikakaa sebuleni kuwatazama. Kilidumu miaka 20. Mtu aliyelelewa karibu na kipindi kile anapoona watu weusi wanne jukwaani na ukumbi uliochanganyika ukiwacheka, ana haki ya kuuliza: hawa wanacheka nini hasa?

Mnakumbuka kisa cha Dave Chappelle, mchekeshaji mweusi wa Marekani, aliyeacha kipindi chake cha televisheni mwaka 2005 na kwenda Afrika Kusini, huku mkataba wa dola milioni 50 ukimsubiri? Baadaye alieleza kwamba wakati wa kurekodi, mzungu mmoja kati ya waliokuwepo alicheka, na kicheko kile hakikumkalia vizuri. Mchekeshaji hana uwezo wa kuchagua sababu ya kicheko. Akishautupa mzaha, umekwenda.

Msomaji wa Usiku

Hoja yako ni nzito, Kalamu Kavu, na ningeikimbia kama nisingekuwa na mtu wa kumtaja anayepita katikati yake. Mchekeshaji Lenny Henry, aliyezaliwa Dudley, Uingereza, mwaka 1958 na wazazi kutoka Jamaica, alishinda shindano la vipaji la New Faces mwaka 1975 akiwa kijana mdogo, na muda mfupi baadaye akajikuta anazunguka na onyesho la jukwaani la haohao Black and White Minstrels, mweusi wa kweli katikati ya weusi wa masizi. Amelizungumzia jambo hilo hadharani kwa majuto. Lakini tazama alikofika: alisomea shahada ya fasihi ya Kiingereza katika Open University akiwa mtu mzima mwenye jina, na mwaka 2009 akapanda jukwaani Leeds kuigiza Othello wa Shakespeare. Safari yake kutoka kwenye kuchekwa hadi kwenye Shakespeare ilipita kwenye kusoma.

Ninakubali kwamba kicheko hakina bawabu mlangoni. Ndiyo maana nimeisifu ile kengele. Mzaha wa masizi haukuhitaji kujua lolote kuhusu anayechekwa. Mzaha wa usiku ule ulihitaji ukurasa.

Mwalimu wa Zamu

Wanajukwaa, mimi nafundisha Kiswahili sekondari, mkoa nisiutaje, na uzi huu umenigusa pale ninapoumwa.

Vijana wangu wanasoma Takadini, Watoto wa Mama Ntilie na Joka la Mdimu. Muulize yeyote kati yao kuhusu riwaya, atakujibu kabla hujamaliza swali: dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, mtindo, muundo, wahusika, mandhari. Atakwambia kwamba mwandishi amefaulu kwa kiasi kikubwa kifani na kimaudhui, ila kuna kasoro ndogondogo. Sentensi hiyo imeandikwa na kizazi baada ya kizazi, na wengi wao hawakuwahi kushika kitabu. Walishika kijitabu cha uhakiki kinachouzwa stendi. Kengele yako, ndugu mleta uzi, ingenivunjia darasa.

Siwalaumu, maana sisi walimu ndio tuliowafundisha kwamba kitabu ni kitu cha kusimamia wima mbele yake. Nakumbuka mwanafunzi aliyeinua mkono na kusema kwamba mhusika fulani amemkumbusha shangazi yake anayejifanya mgonjwa kila ikifika siku ya kulima. Darasa likaangua kicheko, nami nikamwambia aketi na arudi kwenye mada. Leo naona kwamba ndiye pekee aliyekuwa kwenye mada.

Kalamu Kavu

Mwalimu, unajionea bure. Mtihani una alama zake, na shangazi hana alama.

Mtani wa Songea

Habari za jioni, wakubwa kwa wadogo. Nimesoma mwanzo mwisho, na nashangaa mnahangaika na London na Marekani wakati jambo lenyewe lina jina katika lugha yetu. Ni utani.

Sisi Wangoni tulipigana na Wahehe karne ya 19, wakafa watu kwa pande zote mbili, na leo ni watani. Nenda kwenye msiba wenye watani uone. Mtani anavaa kofia ya marehemu, anaiga mwendo wake, anakohoa kama yeye, anadai aliondoka na deni lake la pombe, na wengine hufika hata kuingia kaburini wakikataa kutoka mpaka wapewe chochote. Wajane wanacheka machozi yakiwatoka. Mgeni asiyejua mila ataita polisi.

Sasa zingatieni mambo mawili. La kwanza, si kila mtu anaruhusiwa. Mpita njia akifanya hayo atapigwa, hata akiwa na vichekesho kumshinda mtani, kwa sababu ruhusa inatokana na historia ya pamoja, mara nyingi historia chungu. Nadhani hilo linamjibu Kalamu Kavu kwa sehemu: wale wa masizi walikuwa wapita njia waliojivika kofia ya marehemu. La pili, ambalo watu wa mjini mmelisahau, mtani ana kazi. Ndiye anayechimba kaburi, anayebeba, anayeshughulika na vyungu. Mtani anayefika msibani kutania tu na kuondoka bila kushika jembe hana tofauti na mlevi.

Kwa hiyo wale wanne wa London ni watani wa kitabu, na jembe lao ni kukisoma mpaka pembe za kurasa zikunjike.

Msomaji wa Usiku

Mtani, umenimaliza. Kichwa cha uzi nakibadilisha sasa hivi.

Binti Darajani

Assalaam alaykum na habari zenu. Kabla hamjafika mbali na utani, kuna jambo ambalo sote tumeliruka. Samuel Selvon hakuwa na asili ya Afrika. Baba yake alitoka katika familia ya Wahindi wa Madras waliohamia Trinidad, na mama yake alikuwa mchanganyiko wa Mhindi na Mskoti. Wahusika wake wengi katika riwaya hii ni weusi. Basi kwa kanuni ya kaka yetu wa Songea, Selvon mwenyewe alikuwa na ruhusa gani?

Siulizi kwa ubaya. Mimi ni mtu wa Unguja, na kwetu swali la nani ni nani limewahi kumwaga damu, kwa hiyo nalishika kwa ncha za vidole. Jibu langu ni kwamba ruhusa ya Selvon ilitoka chumbani. Aliposhuka London, mwenye nyumba aliyebandika tangazo la kukataa wapangaji wa rangi hakuwa akiuliza babu wa mtu alitoka Madras au pwani ya Guinea. Waliishi vyumba vile vile, wakashindilia sarafu kwenye mita zile zile za gesi. Utani wake ulizaliwa huko.

Kuna jambo la pili, la lugha, na hili ndilo linalonikosesha usingizi kwa kuwa natafsiri kwa kujipatia riziki. Selvon alieleza kwamba alianza kuiandika riwaya hii kwa Kiingereza sanifu, ikakwama. Alipoiacha sauti ya msimulizi izungumze kama watu wa kwao wazungumzavyo, ikaenda. Kumbukeni mazingira yake pia: BBC ilikuwa na kipindi cha Caribbean Voices, kilichoanzishwa na Una Marson wa Jamaica mwaka 1943, ambacho kilisoma hadithi na mashairi ya watu wa Karibi redioni. Fasihi yao ya miaka ile ilifika masikioni kabla ya kufika rafuni. Ndiyo maana haishangazi kwamba inapopelekwa jukwaani inakaa kana kwamba imerudi kwao.

Na mkitaka kumwona mtangulizi wa onyesho lile la London, mtazameni Louise Bennett, Miss Lou, wa Jamaica. Alisomea uigizaji London kwa ufadhili katika miaka ya 1940, akarudi nyumbani, akapanda jukwaani na kilemba na nguo za mama wa sokoni, akaghani mashairi kwa patwa, lugha ya mtaani ya Jamaica, na watu wakavunjika mbavu. Wasomi walimwona mburudishaji tu. Ilibidi mwaka 1963 Mervyn Morris, mshairi na mhakiki wa hukohuko Jamaica, aandike insha nzima kuwasihi wenzake wamsome kwa makini, kana kwamba kumcheka na kumsoma ni milango miwili isiyofunguka pamoja.

Kalamu Kavu

Dada Binti Darajani, nakubali kwa nusu, na nusu nyingine naiweka akiba. Nina swali la kitaalamu: ukimtafsiri Selvon, ungemtia kwenye Kiswahili kipi?

Binti Darajani

Swali hilo linanitoa jasho. Kiswahili sanifu cha Baraza la Kiswahili kitamuua kwa upole. Nikitumia Kiunguja cha mtaani, msomaji wa Kisumu au Lubumbashi ataniuliza nimempeleka wapi Moses. Nikitumia lugha ya vijiweni vya Dar, baada ya miaka mitano maneno yatakuwa yamechacha.

Ila yapo maneno yanayokuja yenyewe kama yaliyokuwa yakingoja. Watu wa Trinidad wana neno lao, lime, ambalo kwao ni kukaa na wenzako pasipo shughuli maalumu, mkipiga soga na kutazama wapitao. Kamusi nyingi duniani zingelihitaji sentensi nzima. Sisi tunalo moja: kubarizi. Kila Jumapili asubuhi vijana wale wanajazana kwenye chumba cha Moses mtaa wa Bayswater, mmoja kitandani, mwingine sakafuni, wakiulizana nani kapata kazi, nani kafukuzwa, nani kaonekana na msichana gani. Hiyo ni baraza, isipokuwa haina jiwe la nje la kukalia kwa sababu nje kuna theluji.

Na yupo Tanty, yule bibi aliyekuja pamoja na ukoo mzima wakati Tolroy, mmoja wa vijana wale, alikuwa amemtumia nauli mama yake peke yake. Tanty anaingia kwenye duka la mzungu wa mtaani na kumzoesha kuuza kwa mkopo, alipwe wiki ikiisha, kama ilivyo kwao. Nani kati yenu atahitaji tanbihi hapo? Sote tumekua na daftari la madeni dukani.

Mtani wa Songea

Tanty huyo ana watoto wa kuoa?

Msomaji wa Usiku

Mtani, tulia. Namalizia kwa lile ambalo sikulisema mwanzoni kwa kuwa sikujua lina uzito gani.

Binamu yangu alinieleza kwamba Waingereza wana mazoea ya zamani ya kuketisha watu wacheshi mezani na kuwatania kwa maneno na vitabu. Kipindi cha redio cha My Word! kilianza mwaka huohuo wa 1956 ilipotoka riwaya ya Selvon, na kila kikikaribia kuisha, washiriki wake Frank Muir na Denis Norden walipewa nukuu maarufu, wakaitungia kisa cha kupotosha hadi ikaishia kwenye mchezo wa maneno. Kwa hiyo meza ilikuwepo miaka yote hiyo. Waliokosekana ni watu kama Moses, ambao wakati huo walikuwa zamu ya usiku.

Kuelekea mwisho wa onyesho, yule mwanamke mwenye sauti nzito hakutania. Alisoma ukurasa wa mwisho wa kitabu, ambako Moses amesimama kando ya mto Thames usiku wa kiangazi, akiwaza kwamba chini ya vicheko vya wenzake kuna kitu kingine, na kwamba huenda wanacheka ili wasilie. Alisoma bila kuigiza. Alipofunga kitabu, mwenzake aliyekaa kushoto alinyoosha mkono taratibu kuelekea kwenye kengele, akautazama ukumbi, kisha akaurudisha mkono mapajani. Huo ndio uliokuwa mzaha wa mwisho wa usiku, na ulichekwa kuliko yote.

Mwalimu wa Zamu

Wanajukwaa, narudi baada ya siku tatu na taarifa fupi.

Jana kipindi cha mwisho, kidato cha nne, niliweka silabasi pembeni na kuwasimulia kisa cha Galahad na njiwa kwa Kiswahili changu mwenyewe, bila kuandika chochote ubaoni. Niliwaeleza pia kwamba Galahad anampeleka njiwa yule kwa Moses, na Moses anamgombeza kwamba atawatia matatani, kisha wanampika na kumla pamoja. Wakacheka, na mmoja akataka kujua kama Moses aligomba kabla ya kunusa mchuzi au baadaye.

Kisha kijana wa nyuma, ambaye tangu muhula uanze sijamsikia akichangia, akainua mkono. Kwao wanafuga njiwa. Akauliza: "Mwalimu, alimchinja au alimnyonga?" Darasa likagawanyika hapohapo, nusu wakisema kama hakumchinja basi yule bibi alikuwa na haki ya kupiga kelele, nusu wakisema mwenye njaa ya namna ile haulizwi kisu. Wote wakanigeukia. Nilifungua mkoba, nikatoa kitabu, nikaanza kutafuta ukurasa mbele yao.